Nta Kushoto, Silanti Kulia

Jumapili, 9 Machi

Daktari wa kliniki ameniambia niandike presha yangu kila asubuhi kwenye hiki kitabu. Presha ni ile ile ya jana na juzi. Sina haja ya kuandika namba moja mpaka nife. Nitaandika habari za Datsun.

Datsun si langu. Mimi Zedekiah Obonyo niliendesha magari ya kanjo, baraza la jiji, maisha yangu yote, lori la taka kwanza, halafu magari ya wakubwa, na sikuwahi kununua hata tairi moja la kwangu. Datsun ni la Njogu, jirani yangu ng'ambo ya barabara hapa Komarock. Ni 160J, bluu ya wino, alilinunua Njogu mkewe Teresiah akiwa hai. Teresiah alijifunzia humo kuendesha. Tangu tumzike, mimi ndiye nakaa kiti chake. Kila Jumapili Njogu ananishusha kanisani kwetu, anaenda kanisa lao, anarudi kunichukua, halafu tunateremka mpaka Donholm kwa Dirie kunakooshwa magari. Pale ndipo ibada yenyewe inapoanza.

Kwa Dirie kuna wanaume wa kila umri na kila mtu ana imani yake kuhusu rangi ya gari. Mimi ni mtu wa nta. Nta ya kopo, ngumu, unaipaka kwa kidole, unangoja ikauke, unaisugua mpaka uone meno yako. Magari ya wakubwa wa kanjo niliyapaka hiyo. Njogu siku hizi amepata dini mpya. Amenunua silanti, maji maji ya chupa yaliyotengenezwa kiwandani, unayapaka yanashika juu ya rangi kama ngozi ya pili.

"Nta ni ya viatu," akasema leo, mbele ya watu.

"Na silanti ni plastiki," nikamwambia. "Unalifunga gari kama sukuma wiki ya supamaketi."

"Plastiki inakaa mwaka. Nta yako inakimbia ikisikia tu harufu ya mvua."

"Hata wewe ukisikia mvua unakimbia, na hujapakwa kitu."

Watu wakacheka. Dirie akasema, "Wazee wangu, amueni basi. Mvua kubwa inakuja. Gari si lipo?"

Ndivyo ilivyoanza. Tumegawa boneti katikati kwa tepu ya karatasi. Kushoto nimepaka nta yangu. Kulia Njogu amepaka silanti yake, kwa mkono wake mwenyewe, polepole, miwani puani, akisoma chupa kama anasoma Zaburi. Kila Jumapili msimu wote wa mvua hizi boneti itafutwa, kisha Dirie atamwaga maji kikombe kimoja kila upande. Upande ambao maji yanasimama matone kama shanga, dawa iko hai. Yakitandaa, imekufa. Atakayeshinda, gari zima litapakwa dawa yake, na mwenzake hatafungua mdomo kuhusu rangi tena.

Kazi ya kufuta boneti nimepewa mimi, kwa sababu magoti ya Njogu hayapendi kuinama.

Jumatatu, 10 Machi

Presha ile ile.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ilianza Alhamisi. Leo boneti yote shanga tupu, kushoto na kulia. Sare. Njogu alitabasamu njia nzima kurudi, tabasamu la mtu wa silanti, nikataka kuruka dirishani.

Tulipofika kwake tukamkuta Jacky, bintiye wa Kitengela, amesimama langoni akiangalia nguzo ya lango. Mwezi uliopita Njogu alikwaruza ile nguzo ya chuma akiingiza gari, na bluu ya Datsun imebaki pale kama alama ya chaki.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni rangi."

"Anko Zedi, wewe ulikuwepo?"

"Nguzo ndiyo ilisogea," nikasema.

Jacky hakucheka. Alimwambia babake tena yale ya kila siku, kwamba aache kuendesha, ahamie kwao Kitengela. Njogu akamjibu polepole, "Siku mikono yangu itakaposhindwa na kazi, nitakupa ufunguo mwenyewe. Hutaniomba."

Jumapili, 23 Machi

Leo nimefanya kitu. Bado nacheka nikiandika.

Asubuhi kabla ya kanisa nilichukua vitambaa viwili. Kimoja kikavu. Kingine nikakitia sabuni ya maji ya Elsie, mke wa mwanangu, ile anayooshea vyombo, nikakikamua, nikakificha mfuko wa koti. Nilijifunza hili kanjo. Ukipangusa rangi kwa sabuni usiisuuze, maji hayasimami hata ungepaka dhahabu. Dawa iko palepale chini, lakini haionekani.

Kwa Dirie nikafuta upande wangu kwa kile kikavu. Njogu alipoenda kuagiza chai nikafuta upande wake kwa kile kingine. Dirie akamwaga maji. Kushoto shanga. Kulia yakatandaa kama uji uliomwagika mezani.

Vijana wakapiga kelele. Mmoja akamwambia Njogu kama babu yake, "Guka, silanti imeokoka imeenda mbinguni."

Njogu alisimama na kikombe cha chai mkononi akiangalia. Akagusa rangi kwa kidole. Akasema, "Labda sikungoja ikauke."

Nitamwambia wiki ijayo. Atanifukuza na spana.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Elsie anauliza nani anakunywa sabuni yake.

Jumapili, 30 Machi

Sikumwambia. Nilienda nikiwa na nia, lakini nilipofika wale vijana wakasimama kunipa kiti. "Profesa wa Nta amefika." Kuna mmoja wa kazi ya benki, ana gari jeupe la Kijapani la mwaka huu, akaniuliza kama nta inafaa rangi nyeupe. Mimi, niliyeachia shule darasa la sita. Nikamwelezea mpaka chai ikapoa.

Kitambaa kilikuwa mfukoni. Nikakitumia.

Njogu aliwaeleza watu hatua alizofuata, moja baada ya nyingine. Aliosha, alikausha, alipaka nyembamba, alingoja, akapangusa. Hakuna aliyemsikiliza. Ni kweli alifanya yote hayo. Nilikuwepo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ya kwetu ni mto. Njogu alikuwa kibarazani kwake na miwani, anasoma ile chupa. Nilimpungia mkono. Aliinua chupa badala ya mkono.

Jumapili, 6 Aprili

Leo niandike vizuri.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwa Dirie. Silanti ilikuwa imeshindwa tena, mimi nikiwa nimeiangusha tena. Mvua ilikuwa nyepesi. Karibu na mzunguko wa Donholm Njogu akaliweka gari kando, akawasha taa za hatari, akazima injini. Nikadhani ni petroli.

Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu.

"Zedi, angalia huu mkono."

"Nauangalia. Unahitaji mafuta ya kupaka."

"Acha mchezo. Unatetemeka?"

Ulitetemeka, kidogo sana, vile mkono wa mtu wa umri wetu unavyotetemeka akiuinua bila sababu. Wangu hutetemeka zaidi nikishika kijiko.

"Nimekuwa nikifikiri," akasema. "Ile dawa haina kosa. Nimesoma chupa mara nyingi. Upande mmoja wa boneti, kazi ya nusu saa, nimeshindwa kuipaka sawasawa. Nilikwaruza nguzo nikajiambia ni usingizi. Lakini hii? Kitu ninachokijua?"

Ningemwambia palepale. Kitambaa kilikuwa mfukoni, bado kina unyevu, nilikisikia kwenye paja. Ningekitoa tu, nikakiweka juu ya dashibodi. Hata maneno hayakuhitajika.

Badala yake nikamwambia, "Unatetemeka kama wa bwana harusi. Ukipata mke mwingine utapona."

Akatabasamu kwa adabu, vile unavyomtabasamia mtoto wa jirani. Akawasha injini. Alituendesha mpaka nyumbani mwendo wa mazishi, mikono yote miwili kwenye usukani, na kila kona aliichukua kama inataka kumuuma.

Jumatatu, 7 Aprili

Nitamwambia Pasaka. Mbele ya watu wote, na vitambaa vyote viwili, na kicheko chake ndicho kitakuwa kikubwa zaidi. Kitu kama hiki lazima kiambiwe mbele ya watu, la sivyo kinakuwa ubaya.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua mbaya. Barabara imezama, hakuna kanisa, hakuna Dirie. Nilivuka kwa Njogu nimevaa gambuti za mwanangu. Alikuwa ndani ya Datsun chini ya mabati, injini imezimwa, amekaa tu. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu lakini hakunifungulia mlango, na mimi sikubisha.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikuwa nimejiandaa. Vitambaa viwili, kimoja kila mfuko, na maneno yangu nimeyakariri bafuni. Njogu hakuja kunichukua asubuhi, nikaenda kanisani kwa miguu nikidhani amechelewa. Baadaye nikakuta Datsun liko kwa Dirie tayari, na anayeendesha ni Jacky.

Watu walikuwa wengi, sikukuu. Njogu alisubiri nifike. Akashika ncha ya ile tepu ya karatasi pale boneti, akaivuta polepole mpaka mwisho, akaikunja akaitia mfukoni. Akawaambia watu:

"Nilibisha, na nimeshindwa. Zedi alikuwa sahihi. Nta ni nta. Nimekubali mbele yenu."

Akanipa mkono. Watu wakapiga makofi. Dirie akaniletea soda.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua.

"Njogu," nikasema.

"Usinitanie leo, rafiki yangu," akasema, kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu. "Kesho kutwa kuna mtu wa Machakos anakuja kulichukua. Nilimpa Jacky ufunguo Alhamisi. Niliahidi."

Jacky alikuwa nyuma yake anafuta macho. Akaniambia, "Asante, anko. Mimi nimemwambia miaka. Wewe umemwonyesha bila kumuumiza."

Nilikunywa soda yote. Sikumbuki ilikuwa ya rangi gani.

Jumanne, 22 Aprili

Mtu wa Machakos anaitwa Nyamai. Ningependa awe mshenzi, ningepata wa kulaumu. Ni kijana mpole, fundi wa umeme, alizunguka gari mara mbili bila kuligusa, kama mtu aliyeingia nyumba yenye mgonjwa. Aliuliza ni nani alikuwa akilitunza. Njogu akasema, "Mimi. Zamani."

Nilivuka barabara nikiwa na nia ya kusema. Naandika hapa kwamba nilikuwa na nia. Nikamshika Njogu kiwiko.

"Usiuze," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Jacky anaangalia. Nyamai anaangalia. Karatasi ziko juu ya boneti, juu ya upande wa kulia, upande ule wenye dawa hai chini ya sabuni yangu.

"Tutaenda kanisani na nini?" nikasema.

Wote wakacheka kidogo, hata Njogu. Hicho ndicho kipaji changu. Watu wanacheka hata mahali pa kulia. Akaniambia, "Mungu atatusikia hata tukienda kwa miguu, Zedi."

Kisha akafungua mlango wa kushoto, akatoa mto mdogo wa Teresiah aliokuwa anaukalia, akaukung'uta vumbi, akaingia nao ndani. Hakungoja gari liondoke. Mimi ndiye niliyelitazama mpaka kona.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani kwa miguu. Kwa Dirie sikwenda.

Alhamisi, 1 Mei

Elsie aliniuliza leo mbona sichokozi mtu. Alidhani ni presha. Akaleta kile kipimo cha presha, akaona kitabuni sijaandika hata namba moja tangu Machi. "Baba, sasa unaandika nini humu?" Nikamwambia naandika mambo ya gari. "Gari gani?" Ndiyo, gari gani.

Jumapili, 11 Mei

Dirie alimtuma mtu aniite. "Mzee wangu, njoo uone."

Nyamai alikuwa amekuja Nairobi kuleta mama yake hospitali, akapitia kuosha Datsun. Matope ya Machakos yote yalikuwa juu yake. Wakaliosha vizuri, wakalisuuza kwa mpira wa maji muda mrefu, na walipomaliza mvua ikaanza, ile ya matone makubwa ya mwisho mwisho.

Nilifika watu wamelizunguka. Kushoto, kwangu, maji yalikuwa yametandaa bapa, yanateleza chini kama juu ya bati kuukuu. Nta imekwisha. Kulia yalisimama shanga, kila moja peke yake, duara, safi, kutoka kioo mpaka taa, na pembeni kabisa alipofikisha mkono wake, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Hakuna doa alilokosa. Hata kule karibu na bawaba, mahali ambapo mimi huwa naruka kwa uvivu, alipaka.

Dirie akaniangalia. Halafu akasema, "Mzee, wewe ndiye ulikuwa unafuta."

"Ndiyo," nikasema.

Wale vijana walioniita profesa wakaanza kuangalia simu zao.

Nilipanda bodaboda katika mvua ileile, mimi na mguu wangu mbovu. Njogu alikuwa kibarazani. Nilimwambia kabla sijaketi, sikuacha nafasi ya utani kuingia. Sabuni. Kitambaa. Mfuko wa koti. Kila Jumapili. Nikamwambia nilichotoka kukiona, mstari ulionyooka, kule kwa bawaba.

Aliangalia mvua.

"Sabuni gani?"

"Ya vyombo. Ya ndimu."

"Ndiyo maana kulikuwa na harufu. Nikadhani ni yale mafuta yako ya nywele." Akavua miwani. "Kwa hiyo mkono ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, Njogu. Ulikuwa sawa kuliko yangu yote miwili."

"Nilimwambia Jacky mkono wangu umekufa. Mbele ya wajukuu. Nilikaa hapa nikafundisha akili yangu kuukubali, kila siku kidogo, na ilikuwa kazi, Zedi. Usidhani haikuwa kazi."

"Twende Machakos. Nitaongea na yule kijana. Nitapiga magoti."

"Analitumia kumpeleka mama yake hospitali. Utapiga magoti umwambie nini?" Akafuta miwani kwa shati, akaivaa tena. "Ile Jumapili ya kwanza, kama ungeniambia, ningecheka. Nakuapia ningecheka mpaka nikae chini. Ya pili pia, labda. Lakini siku ile nilisimamisha gari nikakuonyesha mkono."

Hakumaliza. Akaingia ndani. Sikusikia akifunga mlango kwa ufunguo, na hilo ndilo nililoondoka nalo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Jacky nikamwambia yote. Akasema, "Anko, mimi nilikushukuru." Basi.

Jumapili, 18 Mei

Nilimwona Njogu akienda kanisani na mwavuli, upande wa pili wa barabara. Nilitembea upande wangu. Mwendo wake mzuri kuliko wangu. Alinipita kwenye kona ya duka la dawa.

Jumapili, 25 Mei

Vivyo hivyo.

Jumapili, 1 Juni

Leo hakukuwa na mvua, na nikagundua nilikuwa naingoja. Mvua ikinyesha nikimwona ana mwavuli najua ni yeye kwa mbali.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi nimekuta chupa ya silanti juu ya kizingiti chetu. Imebaki nusu. Hakuna ujumbe. Elsie alitaka kuitupa akidhani ni dawa ya panya.

Nimeiweka dirishani kando ya kopo langu la nta. Nina zote mbili sasa, wanaume wa Eastlands nzima wangenionea wivu, na sina gari.

Jumamosi, 7 Juni

Nilimwona Njogu langoni kwake akichungulia ile nguzo, ile bluu iliyobaki. Kutu imeanza kuingia pembeni. Mvua hizi hazikuacha chuma salama mtaa mzima.

Jumapili, 15 Juni

Baridi ya Juni imefika, manyunyu tu. Sikwenda kanisani. Nilingoja Njogu apite na kitabu chake cha nyimbo, kisha nikavuka na ndoo, msasa, kitambaa kikavu, kopo na chupa.

Lango la Njogu lina milango miwili ya chuma, myeusi. Nikaosha yote. Nikasuuza mara nyingi, maji safi, hakuna sabuni. Nikasugua kutu. Ile alama ya bluu nikaizunguka kwa msasa bila kuigusa. Nikaanza kupaka nta mlango wa kushoto, na safari hii nikapaka hata kule kwa bawaba. Goti likanikatalia katikati, nikaketi juu ya ndoo nikaendelea.

Sikusikia akirudi. Nikaona viatu.

Aliangalia lango. Akaangalia kopo, akaangalia chupa niliyokuwa nimeishika tayari kwa mlango wa kulia.

"Huo uache," akasema. "Nitaupaka mwenyewe."

Akaweka kitabu cha nyimbo juu ya ukuta, akakunja mikono ya koti lake la Jumapili. Akapaka kama zamani, nyembamba, polepole, miwani puani. Mkono ulitetemeka kidogo ulipokuwa hewani. Ulipogusa chuma ukatulia. Jirani mmoja alipita akauliza lango limefanya nini mpaka linasherehekewa hivyo. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikalimeza.

Alipomaliza tukangoja ikauke. Kisha akaingia ndani, nikadhani basi, ndiyo mwisho. Akatoka na kikombe cha maji. Akasimama katikati ya milango miwili, lakini hakumwaga. Alikuwa ananiangalia mkononi.

"Kitambaa weka chini, Zedi."

Nikakiweka.